Kumpisha Mgonjwa Njiani ni Haki, Si Hisani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, kuna ada njema katika miji yetu ya pwani tuliyoirithi kwa wazee wetu, na yatupasa kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuwa ingali hai. Jeneza likipita, mwenye duka huacha kupima, aliyekaa barazani husimama, na kijana aliyekuwa katika safari yake huingia chini ya jeneza akalichukua hatua chache, hata kama hamjui maiti wala jamaa zake. Hapana aulizaye, "Ni nani huyu?" Yatosha kwamba ni mwanadamu aendaye kwa Mola wake.

Lakini katika miji hiyo hiyo, na kwa watu hao hao, gari la wagonjwa likija nyuma na kulia king'ora, wenye magari wengi hawasongi. Mmoja hujifanya hakusikia. Wa pili hungoja mwenzake aanze. Wa tatu huona hiyo ndiyo fursa yake, akalifuata gari lile nyuma ili apate kupenya. Matokeo yake ni kwamba twamheshimu aliyekwisha kufa, ambaye haraka yetu haimrudishii pumzi hata moja, na twamzuia aliye hai, ambaye dakika moja yaweza kuwa ndiyo tofauti baina ya kitanda cha hospitali na hilo jeneza tutakalolisimamia kesho. Jambo hili ndilo tulilokusudia kulieleza katika waraka huu.

SIMILE YA WAZEE WETU

Kupisha si jambo geni lililokuja na motokaa. Katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, vya Lamu, na vya Mji Mkongwe wa Unguja, mwenye kusukuma mkokoteni au kuongoza punda wa mizigo hupiga ukelele: "Simile! Simile!" Na kila aisikiaye hujibana ukutani, mkubwa kwa mdogo, tajiri kwa maskini, mpaka mzigo upite. Hapana amwambiaye hamali, "Kwanza nionyeshe ulichobeba." Wala hapana aonaye kwamba amevunjiwa heshima kwa kujibana. Hiyo ni adabu ya njia, na asiyeijua huambiwa kuwa hakulelewa.

Basi king'ora ni simile ya zama zetu. Tofauti yake ni kwamba mzigo uliomo ndani si mchele wala simiti, bali ni roho ya mtu, au ni watu waendao kuiokoa roho ya mtu. Je, yafaa tumpishe mwenye magunia na tusimpishe mwenye roho?

BARABARA YA NDABIBI

Huenda msomaji wetu akadhani kwamba haya ni mambo ya foleni za mjini tu, nasi twapenda kumchukua mbali kidogo, mpaka Ndabibi katika Kaunti ya Nakuru, kwa kuwa huko jambo hili laonekana wazi zaidi. Ndabibi ni nchi ya wakulima na wafugaji, magharibi ya Ziwa Naivasha, chini ya mlima Eburru. Hospitali kubwa iliyo karibu nao iko mjini Naivasha, ng'ambo ya ziwa. Gari halipiti juu ya maji. Ni lazima lizunguke, ama kwa barabara ya kaskazini ya ziwa, ama kwa ile ya kusini ipitayo Kongoni na Karagita, katikati ya mashamba ya maua, yenye malori, mabasi ya wafanyakazi, matatu na pikipiki za abiria. Na mgonjwa akiwa na hali nzito zaidi, huenda akatolewa Naivasha akapelekwa Nakuru, na hapo gari lake huingia katika barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malaba na Uganda.

Hapo ndipo mtu wa pwani anapoingia katika habari hii. Shehena ya bandari yetu hupita njia hiyo usiku na mchana. Dereva aliyelala Changamwe au Mikindani jana, leo yuko Naivasha na makontena nyuma yake, au ameshika usukani wa basi lenye abiria kutoka Mombasa kwenda Kisumu. Yeye na mtu wa Ndabibi hawajuani. Huenda lugha zao za nyumbani ni mbali mbali, na huenda dini zao ni mbali mbali. Lakini kwa dakika moja barabarani, uhai wa mmoja umewekwa mikononi mwa mwenziwe. Hiyo ni amana, na Mwenyezi Mungu ndiye shahidi wake.

Na tupige mfano. Mwanamke wa Ndabibi amejifungua usiku, na damu haikatiki. Waganga wajua kwamba kutokwa na damu baada ya uzazi kwaweza kumuua mwanamke mwenye afya yake katika muda wa saa chache tu. Gari laitwa kutoka Naivasha, nalo laenda tupu na kurudi naye. Tuseme kwamba katika kwenda na kurudi limekutana na magari 40 yasiyosonga upesi, na kila moja limelichelewesha kwa sekunde 15 tu. Kila dereva kati ya hao 40 atasema, na atasema kweli, kwamba sekunde 15 si kitu. Lakini 15 mara 40 ni sekunde 600, nazo ni dakika 10 kamili. Hapana hata mmoja aliyemzuia mwanamke yule kwa dakika 10. Wote pamoja wamemzuia. Hivi ndivyo dhulma ndogo ndogo za watu wengi zikusanyikavyo juu ya mtu mmoja dhaifu.

Na kuna wagonjwa ambao hata dakika 10 hizo hawanazo. Mtu ambaye moyo wake umesimama, kila dakika ipitayo pasipo kupata huduma hupunguza tamaa ya kupona kwake kwa kadiri ya asilimia 7 hadi 10. Ubongo uliokosa damu huanza kuharibika baada ya dakika chache, kama 4 hadi 6. Ajuaye haya, kisha akalishika gari lake katikati ya njia kwa ukaidi, na ajiulize atajibu nini atakapoulizwa.

DINI YASEMAJE

Watu wengi huhesabu kupisha kuwa ni hisani: ukitaka utafanya, na usipotaka hapana lawama. Sisi twasema sivyo. Kumpisha mwenye dharura ni haki yake, na kumzuia hali ya kuwa waweza kumpisha ni dhulma. Dalili za maneno yetu ni hizi.

Kwanza, katika Suratul Mujadala, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amewaamrisha waumini kwamba wakiambiwa wafanyiane nafasi katika vikao, wafanye. Na amewaahidi kwamba Yeye naye atawafanyia nafasi. Ikiwa kumsogelea mwenzio ili apate pahali pa kukaa ni amri, basi kumsogezea mwenzio njia ili asife ni jambo kubwa zaidi. Na ni nani kati yetu asiyehitaji kufanyiwa nafasi na Mola wake, katika riziki yake, katika kaburi lake, na katika Siku ambayo watu watasongamana na hapana pa kukimbilia?

Pili, Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba kukaa njiani. Waliposema kwamba hawana budi na vikao hivyo, aliwaambia waipe njia haki yake, akazitaja haki hizo: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Na katika riwaya iliyomo katika Sunan ya Abu Daud kumeongezwa kumsaidia mwenye dhiki na kumwongoza aliyepotea. Angalieni basi: njia ina haki, na katika haki zake ni kumsaidia mwenye dhiki apitaye. Ni nani mwenye dhiki kuliko yule aliyelazwa ndani ya gari la wagonjwa, asiyeweza hata kuinua kichwa akuombe njia, akawa king'ora ndicho kinachomsemea?

Tatu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba imani ina matawi mengi, na la chini kabisa ni kuondoa kitu chenye kuudhi njiani. Pia ametueleza habari za mtu aliyekuta tawi la miba njiani, akaliondoa, na Mwenyezi Mungu akamlipa wema huo kwa kumsamehe madhambi yake. Sote twaipenda hadithi hii, na twawafundisha watoto wetu katika vyuo. Lakini dereva aliyekataa kusonga ana habari nyingine. Yeye hakuukuta mwiba njiani. Yeye mwenyewe ndiye mwiba. Ikiwa mwenye kuuondoa mwiba amesamehewa, na aogope aliyejifanya mwiba.

Nne, katika Suratul Maida, aya ya 32, tumefundishwa kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Daktari ana sehemu yake katika thawabu hiyo, na muuguzi ana yake, na dereva wa gari la wagonjwa ana yake. Lakini na wewe uliyesonga kushoto ukangoja, una sehemu, wala hukutoa shilingi wala jasho. Ni biashara gani iliyo rahisi kuliko hii?

Na tano, tukirudi kwenye jeneza tulilolitaja mwanzo, imepokewa katika Sahihi mbili kwamba jeneza lilipita mbele ya Mtume (S.A.W.) naye akasimama. Alipoambiwa kwamba ni la Myahudi, jibu lake lilikuwa kuuliza kama huyo hakuwa nafsi. Neno hilo limekata mzizi wa ubaguzi. Hakuuliza kabila wala dini ya maiti. Alitazama kwamba ni nafsi. Basi ikiwa hiyo ndiyo heshima ya nafsi iliyokwisha kutoka, yawaje heshima ya nafsi ambayo ingali mwilini na yapigania kubaki?

Na sheria ya nchi haiko mbali na haya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, imesema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitilia nguvu haki hiyo. Watu huifahamu haki hii kana kwamba yaanzia mlangoni mwa hospitali. Sisi twaona kwamba yaanzia barabarani. Kwani mgonjwa asiyefika, haki yake ya kupokewa yamfaa nini?

NAMNA YA KUPISHA

Nia njema bila ya elimu yaweza kuleta madhara. Wako madereva ambao, wakisikia king'ora, hubabaika wakafunga breki ghafula, na gari la nyuma likawagonga. Wakawa wametaka kumwokoa mgonjwa mmoja wakapatikana watatu. Kwa hiyo na tujifunze namna yake, kama tunavyojifunza namna ya kutawadha. Twaendesha upande wa kushoto katika Kenya, Tanzania na Uganda, na maneno yetu yamefuata desturi hiyo.

Kwanza, usiifunge mashikio. Dereva aliyepandisha vioo na kuifungulia redio kwa sauti kubwa hasikii king'ora mpaka kiko mgongoni mwake. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata kama mita 22 kwa kila sekunde. Likiwa mita 200 nyuma yako nawe umesimama katika foleni, muda ulio nao ni kama sekunde 9. Punguza sauti, na uzoee kutazama kioo cha nyuma hata kama hapana king'ora.

Pili, ukishajua litokako, washa taa ya ishara ya kushoto, punguza mwendo taratibu, sogea ukingoni, na usimame ikiwa yahitajika. Ishara hiyo ni lugha, yamwambia dereva wa gari la wagonjwa, "Nimekuona, pita."

Tatu, chagua mahali. Usisimame penye kona, wala penye kilele cha mlima, wala juu ya daraja jembamba. Kwani utamlazimisha akupite mahali asipoona mbele, akakutana uso kwa uso na lori. Katika miteremko kama ile ya Mai Mahiu, mara nyingine kupisha kwema ni kuendelea kwa mwendo wa kutosha mpaka upate mahali papana, ndipo usogee.

Nne, na wewe uliye mkabala nalo una wajibu. Usiseme, "Lile liko upande wao." Huenda litaingia upande wako ili lipite foleni. Nawe sogea kushoto, upunguze mwendo.

Tano, katika njia panda na mizunguko, usiingie ikiwa hujaingia; na ikiwa umeshaingia, toka kwanza, kisha usogee. Wala usirukie taa nyekundu kwa kubabaika ukajitupa mbele ya magari mengine, ila akikuelekeza askari wa barabarani. Mgonjwa hakukutaka ufe kwa ajili yake.

Sita, penye safu mbili za magari yaendayo upande mmoja, kila safu na isogee ukingoni mwake, kati pakafunguka. Asiwepo wa kungoja mwenziwe aanze; kwani wema unaongojeana haufanyiki.

Saba, likishapita usiondoke kwa pupa. Huenda la pili liko nyuma yake, la zimamoto au la askari. Wala usilifuate nyuma ili ufaidi njia iliyofunguliwa. Watu hawakusonga kwa ajili yako, wamesonga kwa ajili ya mgonjwa; na mwenye kuitumia haki ya mgonjwa kwa haja yake amekula amana.

Na waendesha pikipiki, waendao kwa miguu, na makondakta washushao abiria katikati ya njia, wote wamo katika haya. Njia ni ya wote, na haki yake ni juu ya wote.

VISINGIZIO NA MAJIBU YAKE

Huenda mtu akasema: "Magari haya mara nyingi ni matupu, dereva anataka kuwahi chakula chake." Jibu letu ni kwamba Mwenyezi Mungu, katika Suratul Hujurat, aya ya 12, ametutaka tujiepushe na dhana nyingi. Zaidi ya hayo, mwenye kusema hivi hakufikiri. Gari liendalo kumchukua mgonjwa Ndabibi ni lazima liende tupu. Safari ya kwenda ni nusu ya kuokoa. Ukilizuia likiwa tupu umemzuia mgonjwa aliyelala sakafuni nyumbani kwake, hana dawa wala daktari, masikio yake yote yako barabarani. Kwa hakika huyo ni mwenye shida kuliko yule aliyekwisha kutiwa garini.

Mwingine atasema: "Mimi nami nina haraka." Ni kweli, kila mtu ana haraka. Lakini haraka si daraja moja. Iko haraka ya kuwahi dukani, na iko haraka ya kuwahi pumzi. Mwenye ya kwanza akichelewa hupoteza faida ya siku. Mwenye ya pili akichelewa hapana siku nyingine.

Wa tatu atasema: "Ving'ora vimekuwa vingi, hata wakubwa waenda navyo kwenye karamu, basi nitajuaje?" Huyu ana sehemu ya haki katika maneno yake, na tutamjibu hapo mbele. Lakini twamwambia hivi: ukimpisha mwongo mmoja, hasara yako ni sekunde 15, ukimzuia mkweli mmoja, hasara ni roho. Mwenye akili hupima hasara mbili hizi akajua ipi ya kuichukua.

WAJIBU WA MWENYE KING'ORA

Haki na wajibu ni ndugu wawili. Wanazuoni wetu wa fikihi wametuwekea kanuni mbili ziendazo pamoja: kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Ya kwanza ndiyo impayo dereva wa gari la wagonjwa ruhusa ya kuzipita foleni. Ya pili ndiyo imzuiayo asiifanye ruhusa hiyo kuwa leseni ya kuwatisha watu. Haifai awagonge waendao kwa miguu Karagita ili amwahi mgonjwa Ndabibi; nafsi hainunuliwi kwa nafsi.

Mtume (S.A.W.) aliporudi kutoka Arafa alisikia nyuma yake kishindo cha watu wakiwakemea na kuwapiga ngamia wao ili waende mbio. Akawaashiria kwa kiboko chake, akawataka watulie, akawafahamisha kwamba wema hauko katika kwenda mbio. Haya yamo katika Sahihi ya Bukhari. Basi ikiwa msafara wa Hija umetakiwa utulivu, na mwenye gari la wagonjwa naye achanganye upesi na utulivu.

Na ama yule awashaye king'ora pasipo dharura, awe mtumishi au mkubwa wa watu, na ajue kwamba hakudanganya barabara tu. Kila king'ora cha uongo hupunguza imani ya watu katika kile cha kweli. Siku ya siku mgonjwa wa haki atalia na watu wasimsadiki, na dhambi ya kutosadikiwa kwake itagawanywa. Na aliyewazoesha watu uongo hatakosa fungu lake.

MILANGONI PETU

Tumesema ya bara. Sasa turudi nyumbani, kwani mnasihi huanza na nafsi yake na jamaa zake. Tazameni siku ya Ijumaa mbele ya misikiti yetu. Magari huegeshwa safu mbili na tatu, mengine yameziba kabisa mdomo wa mtaa, na wenyewe wako ndani wamefunga swala. Lau moto ungezuka katika nyumba iliyo nyuma, au mzee wa mtaa ule angepatwa na kiharusi, gari la zimamoto au la wagonjwa lingepita wapi? Twamsujudia Mwenyezi Mungu hali tumemfungia njia mja wake. Hii si alama ya kuipenda Ijumaa. Anayekwenda msikitini kwa miguu ana thawabu ya hatua zake; na asiyeweza, na aegeshe mbali, atembee hatua mia mbili, naye atazipata.

Vivyo hivyo katika harusi na hadhara zetu, viti na turubai hutandazwa mtaa mzima pasipo kuachwa upenyo. Hatukatazi furaha iliyo halali. Twasema tu: iachwe njia ya upana wa gari moja, na awekwe kijana mmoja wa kuiangalia. Na penye kivuko cha Likoni, ambako mgonjwa wa kusini huvuka kuja kisiwani penye Hospitali Kuu ya Pwani, asiwepo mwenye gari wa kugombea nafasi na aliyelala machelani.

Na yatupasa tuonyane katika jambo jingine lililo ndugu ya hili, nalo ni kukimbilia mahali pa ajali. Katika Kaunti hiyo hiyo ya Nakuru, tarehe 31 Januari 2009, huko Sachang'wan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakajaa kuchota petroli, moto ukazuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Na tarehe 10 Desemba 2016, karibu na Naivasha, lori lililobeba shehena ya kuwaka liligonga magari mengine usiku, likalipuka, wakafa zaidi ya watu 30. Penye msiba kama huo, asiyejua kutibu wala kuzima moto, msaada wake mkubwa ni kurudi nyuma, kuita wanaojua, na kuiweka njia wazi ili wafike. Wengi hudhani kwamba kusimama na kutazama hakumdhuru mtu. Nao ndio ukuta uliowazuia waokozi.

Kwa hiyo twawaomba mahatibu wetu walitaje jambo hili katika hutuba zao walau mara moja kwa mwaka. Twawaomba walimu wa vyuo wawafundishe watoto haki za njia pamoja na adabu za msikiti. Twawaomba wenye malori na mabasi wawaambie madereva wao kwa kinywa kipana kwamba hatakatwa mshahara wala kukemewa yule aliyechelewa kwa kumpisha mgonjwa. Kwani dereva wengi hukaza mwendo kwa kumwogopa tajiri kuliko wanavyomwogopa Mungu, na tajiri atashiriki katika dhambi hiyo.

Nawe ndugu yetu uliye nyuma ya usukani, popote ulipo, kumbuka kwamba hujui ni nani aliyemo ndani. Huenda ni mtu wa Ndabibi usiyemjua kabisa. Huenda ni mama yako, nawe hujapata habari. Haki yake ni moja katika hali zote mbili, na kwa kutomjua ndipo Mola wako akujaribu, ipate kudhihiri kama wampisha mtu kwa ajili ya ujamaa au kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Na iko siku, karibu au mbali, ambayo mimi na wewe ndio tutakaolazwa ndani, macho yetu yako juu, na watu tusiowajua wako mbele yetu barabarani. Tuwafanyie leo tunalotaka kufanyiwa siku hiyo.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na baharini, walipe kheri wale wakeshao kwa ajili ya kuokoa roho za watu, utulainishe nyoyo zetu tuwafanyie nafasi waja wako, nawe utufanyie nafasi hapa duniani na huko Akhera. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.